Mjumbe Hauawi: Kusadikika na Haki ya Kushtaki Nje

Methali isemayo "Mjumbe hauawi" ni fupi, lakini imebeba sheria nzima. Wazee waliitumia katika vita na katika posa: achukuaye maneno ya mwingine hana dhambi ya maneno yale, na amdhuruye akiri kwamba jawabu limemshinda. Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951, ni hadithi ya dola iliyoivunja sheria hiyo mara sita, kisha ikamshtaki mtu wa saba. Katika makala haya nataka kukisoma kitabu hicho kama mtu asomavyo jalada la kesi. Nadhani uzuri wake mkubwa na kasoro yake kubwa vimo katika swali moja: aliyeonewa na wenye baraza apeleke wapi mashtaka yake?

Kisa chenyewe wanafunzi wa Kiswahili wakijua, nami nitakipitia upesi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, kijana wa nchi hiyo, ashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya Mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Apewapo nafasi ya kujitetea hasemi habari zake mwenyewe. Asimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliopata kutumwa na dola hiyo: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walikwenda mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, ardhini na mbinguni kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja alitiwa gerezani. Mwisho Karama aachiliwa, na wafungwa wale pia.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kwa njia mbili. Wengine waona kuwa Kusadikika ni Tanganyika ya wakati wa Waingereza iliyovishwa nguo za ngano ili ipite mbele ya macho ya mkoloni. Wengine walalamika kwamba watu wake ni majina matupu ya tabia: Majivuno hana ila majivuno, Karama hana ila karama. Njia zote mbili zina kweli ndani yake. Lakini zote mbili zapita upesi mno juu ya hati ya mashtaka, na hati ya mashtaka ndiyo yenye ufunguo wa kitabu.

Tutazame basi. Karama hakushtakiwa kwa wizi, wala kwa silaha, wala kwa kutaka kiti cha Mfalme. Alishtakiwa kwa kufundisha watu sheria. Ni kosa la ajabu, kwa kuwa dola yoyote yajidai kuwa ina sheria. Maana yake ni kwamba katika Kusadikika sheria ilikuwa kama upanga: yafaa ikiwa mkononi mwa mmoja, na yawa hatari ikiwa mikononi mwa wengi. Shaaban Robert aliona mapema jambo ambalo watetezi wa haki wamelijua kwa miili yao. Mtu alalamikaye aweza kuvumiliwa, maana malalamiko hupoa. Amfundishaye mlalamikaji jina la haki yake na mlango wa kuipigia hodi, huyo ndiye huonekana adui.

Sasa tutazame namna alivyojitetea. Mtu mwingine angalikana, au angaliomba huruma. Karama afanya jambo la mwanasheria hasa: aleta ushahidi wa mambo yaliyotangulia. Kisa kimoja cha mjumbe aliyefungwa kingeweza kuitwa bahati mbaya. Viwili vingeweza kuitwa makosa ya hakimu. Sita ni desturi, na desturi haina mtu wa kuisingizia ila dola yenyewe. Ndiyo sababu kitabu chajirudia, na wasomaji wengine wachoka kwa kujirudia huko: mjumbe aondoka, ateseka, arudi, afungwa, mjumbe aondoka tena. Wachokao wafikiri mwandishi amekosa ufundi wa kubadili hadithi. Mimi naona kuchoka huko ni sehemu ya ushahidi. Hata leo mashirika yanayoandika taarifa za watu waliotekwa na walioteswa huandika vivyo hivyo, jina, siku na mahali, kisha jina jingine, siku nyingine na mahali pengine. Hakuna mapambo. Orodha yenyewe ndiyo hoja. Na tazama jambo hili: mtu aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria, utetezi wake wote ni somo la sheria. Alilitenda kosa lake mbele ya hakimu, na hakimu akakaa kimya akajifunza.

Jambo la tatu ni wakati wa kosa la wajumbe. Hawakukosa kwa kwenda, kwa maana walitumwa. Walikosa kwa kurudi. Wangalibaki ughaibuni wangalisahauliwa, na wangaliangamia njiani wangalililiwa. Lakini walirudi na habari kwamba ziko nchi ambamo mambo hupimwa kwa kipimo kingine, na habari hiyo haikupendeza. Kweli hawakuuawa, walifungwa. Lakini methali haikukusudia kuilinda shingo peke yake. Ilikusudia kulilinda neno lifike.

Si bure kwamba kitabu kama hiki kiliandikwa na mtu wa pwani yetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na katika miaka ya ukarani wake wa forodha alikaa Pangani. Pwani itokayo Dar es Salaam kwenda kaskazini, ikipita Kunduchi, Ununio, Mbweni, Bagamoyo, Winde, Saadani na Mkwaja hata Pangani, ni pwani iliyopata kuamuliwa mahali pasipokuwapo. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kuikabidhi serikali ya Mrima kwa kampuni ya Kidachi. Wenyeji wa Bagamoyo na Pangani walipata habari zake kwa macho, mwezi Agosti, walipoona bendera ngeni na maafisa wapya wa forodha. Walikuwa na madai: juu ya ushuru, juu ya ardhi, juu ya heshima ya misikiti na majumbe wao. Lakini palikuwa hapana baraza la kuyapokea. Sultani alikuwa amekwisha kutia mkono, na Berlin haikuwa na sikio kwa mtu wa Winde. Abushiri bin Salim alishika silaha, akashindwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Kilichobaki cha madai yale, kwa lugha ya wenyewe, ni utenzi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliiandika habari ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na J. W. T. Allen akaihariri ikapigwa chapa mwaka 1955. Twausoma utenzi huo kama fasihi, na ni haki yake. Lakini yatupasa tukumbuke kazi nyingine uliyoifanya. Kwa kuwa hapakuwa na mahakama, mshairi alikuwa karani wa mahakama isiyokuwapo: aliandika nani alikuja, nani alisema nini, nani alikufa. Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja, utaona kwamba Kusadikika ni hatua mbele ya utenzi. Utenzi waweka kumbukumbu baada ya hukumu. Karama aipeleka kumbukumbu mbele ya hakimu kabla hukumu haijatoka.

Hapa ndipo ilipo kasoro niliyoitaja. Mwandishi amempa mwonevu jina la Majivuno, na kwa jina hilo ameufanya uonevu kuwa ugonjwa wa moyo wa mtu mmoja. Msomaji aondoka akiwaza kwamba waziri huyu akiondoka nchi itapona. Lakini gereza la wajumbe halikujengwa na majivuno peke yake. Lina sheria yake, askari wake, na karani wake aandikaye tarehe. Tena ukombozi wote wategemea sikio la Mfalme. Amesikiliza, ameguswa, ameamua vema. Je, angalikuwa mchovu siku ile? Angalikuwa na hofu? Karama angalipata wapi mahali pa pili? Kitabu hakina jibu. Wajumbe walikwenda pande sita za dunia kutafuta hekima, wala hakuna hata mmoja aliyeweza kurudi huko kutafuta haki alipofungwa. Walimwengu wa pande zile hawakuulizwa habari zao tena.

Lakini kitabu kilipotoka mwaka 1951, Tanganyika yenyewe ilikuwa karibu kulijibu swali hilo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Wameru walifukuzwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mkataba wa Umoja uliruhusu watu wa nchi kama hizo kupeleka maombi yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kusema kwa niaba ya Wameru, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Mjumbe wa saba, twaweza kusema, alikuwa ameondoka. Na safari hii hakutumwa na dola, alitumwa na waliodhulumiwa na dola. Azimio la kuwapendelea Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hesabu ya siku ile alishindwa. Hata hivyo neno lilikuwa limesemwa mbele ya mataifa, likaandikwa, na Mwingereza akalazimika kujieleza.

Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere alifuata njia ileile, akasema mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu wake Pugu na siasa, akaacha ualimu. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa makala ya gazeti la Sauti ya TANU yaliyowakashifu maafisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Ni kama aliyekuwa ameisoma hadithi ya Buruhani: mjumbe akirudi, mlango wa nyumbani humngoja na kesi. Lakini Waingereza hawakuthubutu kufanya zaidi, na sehemu ya sababu ni kwamba palikuwa na baraza la pili likitazama.

Basi kizazi kilichojenga dola yetu kilijua faida ya baraza la nje, kwa kuwa kilinufaika nalo. Ingetazamiwa kwamba dola hiyo haitausahau mlango iliopitia. Kwa muda haikuusahau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuja kukaa Arusha mwaka 2007, na mwaka 2010 Tanzania ikatoa tamko la kuwaruhusu raia na mashirika kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Nchi chache tu za Afrika zilifanya hivyo, nayo ni sifa ya kukumbukwa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi kulivunja haki zilizo katika Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki mwaka 2015, na uchaguzi wa mwaka 2025 ulifanywa bado bila mgombea binafsi. Mwezi Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lake, na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya raia. Wakati huo Tanzania ndiyo iliyokuwa ikishtakiwa mara nyingi kuliko nchi yoyote mbele ya Mahakama hiyo. Jengo limebaki Arusha. Mwenye nyumba ndiye asiyeweza kuingia kwa miguu yake.

Uzito wa jambo hili hauonekani katika vitabu vya sheria peke yake. Tarehe 6 Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, alikuwa katika basi la kwenda Tanga. Huko Tegeta, katika barabara ya Bagamoyo, watu wenye silaha walilisimamisha basi wakamchukua. Maiti yake ilipatikana Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Msomaji aijuaye pwani hii ajua kwamba majina ya Tegeta na Ununio ni ya njia yetu ya kila siku, njia ya samaki, ya mchanga na ya watoto wa shule. Na mwezi Mei 2025 watetezi wawili, Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, walikuja Dar es Salaam kusikiliza kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Siku hizohizo Rais aliwaonya wanaharakati wa nchi jirani wasije kuingilia mambo ya Tanzania. Walikamatwa, wakawekwa pasipojulikana, kisha wakaachwa mipakani, mmoja upande wa pwani ya Kenya na mwingine Mutukula. Mwezi Juni, wakiwa Nairobi, walieleza hadharani kwamba waliteswa na kudhalilishwa kimwili. Polisi wa Dar es Salaam hawakuyakubali madai hayo.

Walikwenda wapi? Mwezi Julai 2025 walifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo pia i Arusha. Mkataba wa Jumuiya waruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuishtaki nchi mwanachama, lakini wampa miezi miwili tu tangu tendo lilipotendeka au tangu alipolijua. Mahakama hiyo haikupewa waziwazi mamlaka ya haki za binadamu. Hata hivyo mwaka 2007, katika shauri la Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, ambapo watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili waliopewa dhamana wasitoke, majaji walisema hawatakataa kuhukumu uvunjaji wa utawala wa sheria kwa sababu tu umegusa haki za binadamu. Mlango mdogo uliachwa wazi, na watu wanapita humo.

Zipo hoja mbili za kupinga njia hii, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza yasema kwamba mambo ya nyumbani hayasemwi nje, na apelekaye kesi ya nchi yake kwa wageni aiuza nchi. Hoja hii ina mizizi katika adabu yetu, wala sioni haya kukiri kwamba sitara ni jambo jema. Lakini adabu hiyohiyo yajua mke aliyepigwa akakimbilia kwa wajomba zake. Hakuna mzee wa Mrima aliyemwita msaliti. Mashauri yalianza hapo. Tena Mahakama ya Arusha si ya wageni. Serikali yetu ndiyo iliyotia sahihi, ndiyo iliyoipa kiwanja. Kusadikika chaongeza jibu lake: wajumbe waliofungwa kwa kuileta habari ya nje ndio walioipenda nchi kupita waliowafunga.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema: hukumu hizi zafaa nini? Mtikila alishinda akafa bila kugombea kwa ushindi wake. Wameru walikosa kura. Hakuna askari wa Arusha atakayekuja kufungua gereza la Dar es Salaam. Ni kweli tupu. Mwenye kwenda huko akitarajia Mfalme wa Kusadikika, mwenye kusikia asubuhi na kufungua minyororo jioni, atarudi na huzuni. Lakini faida ya kwanza ya baraza la nje ni ileile ya utenzi wa Hemedi, kwamba jambo limeandikwa na watu wasiomwogopa mtendaji. Faida ya pili utenzi haukuwa nayo: mtendaji hulazimika kujibu kwa maandishi, kwa jina lake, na jibu lake likabaki. Dola yaweza kukaa kimya mbele ya maiti ya Ununio. Haiwezi kukaa kimya mbele ya karani wa mahakama bila kimya hicho nacho kuandikwa.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi watu wa lugha. Karama alijitetea kwa lugha aliyonyonya. Mkataba wa Jumuiya wasema lugha ya Mahakama ya Afrika Mashariki ni Kiingereza. Mvuvi wa Mbweni aliyempoteza nduguye hana budi kupata wakili, na wakili apate tafsiri, kabla dai lake halijafika mezani. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake, na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Hukumu zihusuzo pwani hii zapaswa kusomeka Bagamoyo. Hiyo ni kazi ya wafasiri, na wafasiri hutoka katika madarasa yetu.

Basi napendekeza kwamba Kusadikika kifundishwe pamoja na hukumu ya Mtikila na ya Katabazi, zikiwa zimefasiriwa kwa Kiswahili safi, na mwanafunzi aulizwe maswali yaleyale juu ya zote tatu: nani ashtaki, nani asikiliza, nani aandika, na nani atatekeleza. Ataona kwamba Shaaban Robert aliyajibu matatu ya kwanza kwa ustadi ambao haujapitwa. La nne alimwachia Mfalme. Tangu 1952 watu wa nchi hii wamekuwa wakilitafutia jibu jingine, kwa miguu yao na kwa hatari ya maisha yao. Methali yasema mjumbe hauawi. Haisemi ni nani atakayemlinda. Mlinzi huyo hana budi kuwa sheria ambayo Majivuno hawezi kuifunga wala Mfalme kuisahau.